Barua ya wazi kuhusu kikanisa cha wasafiri cha Mai Mahiu

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Barabara Kuu za Kitaifa (KeNHA). Kwa wakuu wa serikali za kaunti husika. Na kwa Wahashamu Maaskofu wenye dhamana ya mahali hapa patakatifu.

Waheshimiwa, Wahashamu,

Tumsifu Yesu Kristu.

Ninawaandikia kuhusu jengo ambalo mtu mwenye haraka hulipita asilione. Ukitoka Rironi na kuanza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu, huku barabara ikijipinda ubavuni mwa mlima na Longonot ukijitokeza mbele yako, utafika mahali palipo na kikanisa cha mawe kando kabisa ya barabara. Ni kidogo kiasi kwamba jumuiya moja ikikutana humo kwa sala ya rozari, waamini wengi watasalia nje. Kilijengwa mwaka 1942 na mateka wa vita wa Kiitaliano, watu walewale waliotumiwa kuichonga barabara hiyo, na tangu hapo wasafiri wamekihesabu kuwa chao. Ombi langu kwenu ni kwamba kikanisa hiki kipimwe, kichorwe na kutangazwa rasmi kuwa turathi ya taifa kabla mitambo ya kupanua barabara haijafika mbele ya mlango wake.

Ninasema hivyo kwa sababu muda si mrefu. Mwezi wa Novemba 2025 ulizinduliwa upanuzi wa barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit, na ndani ya mradi huohuo zimo kilomita 58 za barabara ya chini, ile ya Rironi, Mai Mahiu na Naivasha. Mimi si mpinzani wa kazi hiyo. Nimeishi karibu na barabara hii maisha yangu yote na nimezika majirani waliofia juu yake, kwa hiyo ninajua kwamba lori linaloteremka breki zikiwa zimechoka halina pa kukimbilia pale ambapo njia ni nyembamba na upande mmoja ni korongo. Barabara ipanuliwe. Lakini ninajua pia jinsi kazi za barabara zinavyokwenda nchini mwetu: anakuja mtu na mkebe wa rangi nyekundu, anapiga alama ya X ukutani, na kuanzia asubuhi hiyo jengo linahesabiwa kuwa kizuizi. Ninaomba ukuta wa kikanisa hiki usipigwe rangi hiyo hata kwa bahati mbaya.

Kwa wale ambao hawajapata kusimuliwa habari zake, nieleze kwa kifupi. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na kwa kuwa ilikuwa imeikalia Ethiopia na kuitawala Somalia ya kusini, vita vilifika mpakani mwetu mara moja. Mji wa Moyale ulitekwa mwezi uliofuata. Mwanzoni mwa 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yalipita Somalia, yakaingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili, na ilipofika Novemba mwaka huohuo ngome ya mwisho ya Waitaliano, Gondar, ilikuwa imeanguka. Makumi ya maelfu ya mateka waliletwa Kenya na kugawanywa katika kambi za Naivasha, Gilgil, Nanyuki, Nyeri, Londiani, Ndarugu na kwingineko. Mkataba wa Geneva wa 1929 uliruhusu mateka wa kawaida kufanyishwa kazi zisizo za kivita, na vilevile uliwahakikishia uhuru wa kutimiza wajibu wa dini yao. Katika mteremko huu mambo hayo mawili yalikutana. Mchana walivunja mwamba ili kupitisha barabara. Na kwa mawe ya mlima uleule wakajijengea mahali pa kusalia.

Wapo wanaouliza kwa nini Mkenya atumie shilingi yake kuhifadhi kazi ya askari wa utawala wa Mussolini, jeshi lililoivamia Ethiopia mwaka 1935 na kuwamwagia watu wake gesi ya sumu. Swali hilo ni la haki na halipaswi kuzimwa. Jibu langu ni kwamba historia ya kikanisa hiki si ya Waitaliano peke yao. Miongoni mwa majeshi yaliyowashinda walikuwamo vijana wetu wa King's African Rifles, wana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ambao walitembea kwa miguu kutoka mpakani hadi milima ya Ethiopia. Ardhi inayopitiwa na barabara yenyewe ilikuwa na wenyewe kabla ya mzungu yeyote kufika. Bonde lililo chini yake ni lile ambalo Wamaasai walihamishwa kutoka humo kwa mkataba wa 1904. Na jina la mji ulio chini ya mteremko, Mai Mahiu, ni la Kikikuyu: maji moto. Kibao kitakachowekwa pale, na ninaomba kiwekwe, kiyataje hayo yote kwa Kiswahili, Kikikuyu na Kimaasai, si kwa Kiingereza na Kiitaliano tu. Jengo likibomolewa, nafasi ya kusimulia habari hiyo mahali ilipotokea inapotea pamoja nalo.

Sasa niseme kama fundi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyonilisha. Mimi ni mwashi. Nimejenga kwa mawe miaka mingi kuliko niliyokaa darasani, na kila ninapoingia katika kikanisa cha Mai Mahiu macho yangu huanza na kuta kabla ya kufika kwenye altare. Jengo kubwa linaweza kuficha makosa ya fundi: pembe iliyokosewa hupotea katika urefu wa ukuta, na jicho la mtu haliwezi kupima kila kitu kwa wakati mmoja. Katika jengo la ukubwa huu hakuna pa kujificha. Tao la mlango likikaa vibaya kwa upana wa kidole, kila anayeingia ataliona. Wafungwa wale hawakuwa na kandarasi wala malipo ya kanisa, lakini walifanya kazi ya watu waliokulia katika vijiji ambako kila njia panda ina kihekalu na kila bonde lina kikanisa, na hilo linaonekana. Kipimo chake ni cha mtu mmoja aliyepiga magoti. Ukikaa kwenye benchi, altare iko karibu kiasi kwamba padre hana haja ya kupaza sauti, na mlango ulio nyuma yako ukiwa wazi, mwanga wa bonde unaingia wote.

Niliketi humo siku moja ya wiki, peke yangu. Lori la makontena likawa linashuka kwa gia ya chini, breki zake zikipumua, na nilipoegemeza kiganja changu kwenye jiwe niliusikia mtetemo wake kabla sijaisikia injini. Ulipita, jiwe likatulia. Nilifikiri juu ya malori yanayopita pale mchana na usiku kuelekea Malaba na Busia, yakibeba mizigo ya Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo, na nikafikiri juu ya rola za kushindilia barabara, ambazo hutetemesha kwa makusudi na kwa saa nyingi mfululizo. Wahandisi wanajua kupima mtetemo. Vyombo vipo, na vinaweza kubandikwa ukutani tangu siku ya kwanza ya kazi hadi ya mwisho. Wanajua pia kwamba rola inaweza kuzimwa mtetemo na kushindilia kwa uzito wake tu inapopita karibu na jengo dhaifu. Ninaomba sharti hilo liandikwe katika mkataba wa mkandarasi, si liachwe kwa huruma ya dereva wa rola.

Lakini hofu yangu kubwa kuliko barabara ni ukarabati. Nitaeleza kwa nini.

Nilipokuwa kijana wa kubeba karai, bado sijaruhusiwa kushika mwiko, tulipewa kazi ya kutengeneza kigango kimoja cha mawe ambacho sitakitaja jina, kwa kuwa walioamua walikuwa watu wa nia njema na wengine wameshatangulia mbele za haki. Kuta zake zilikuwa za jiwe laini la volkano, la aina ile unayoweza kulikata kwa msumeno, na viungo vya mawe vilikuwa vimejazwa chokaa nyeupe. Uliikwangua kwa ukucha ikatoka kama unga. Tukaambiwa kwamba chokaa hiyo imekufa. Tuliitoa yote kwa tindo, wiki mbili nzima, tukaziba viungo kwa saruji nzito, kisha tukapiga lipu ndani na kupaka rangi ya mafuta. Siku ya Misa ya shukrani kuta zilimeremeta, na mimi nilijivuna kama wengine.

Mvua za kwanza zikapita. Baada ya mvua za tatu nilirudi kule kwa arusi ya binamu yangu, nikaona uso wa mawe umeanza kubanduka. Niligusa jiwe moja chini ya dirisha kwa dole gumba, na kipande cha ukubwa wa sahani kikaniangukia mkononi. Nyuma yake jiwe lilikuwa bichi, lenye maji, na chumvi nyeupe imejitanda kama ukungu. Saruji tuliyoweka kwenye viungo ilikuwa nzima kabisa, imesimama peke yake kama kimia, na mawe yaliyokuwa kati yake yalikuwa yakimomonyoka. Ndipo nilipoelewa, nikiwa nimechelewa, kazi ya ile chokaa. Jiwe laini hunywa maji mvua inaponyesha na kuyatoa jua linapowaka, nayo chokaa, kwa kuwa ni laini kuliko jiwe, huyaachia njia ya kutokea na hukubali kuliwa badala yake. Ni rahisi kuibadilisha chokaa kila baada ya miongo kadhaa. Jiwe lililooza halina wa kulibadilisha. Sisi tuliyafungia maji ndani. Kigango kile kilibomolewa na mawe yake yakauzwa kwa kujazia msingi wa duka.

Kwa hiyo ninawasihi: mtu yeyote asipeleke mfuko wa saruji Mai Mahiu kabla ya kipande cha udongo wa viungo vile kuchunguzwa na kujulikana ni cha nini. Kama ni chokaa, kitengenezwe kwa chokaa. Hatuhitaji kuagiza wataalamu wa ng'ambo kwa jambo hilo, kwa maana kazi ya chokaa ni ya kwetu. Nyumba za mawe ya matumbawe za Lamu, mji uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001, zimesimama kwa chokaa inayochomwa na kulowekwa na mafundi wa pwani, na Makumbusho ya Taifa yamefanya nao kazi miaka mingi. Leteni wawili wao huku bara kwa mwezi mmoja. Vijana wetu wa vyuo vya ufundi vya eneo hili wapandishwe jukwaani pamoja nao, wajifunze kwa mikono.

Nije kwenye sheria. Tunayo Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006.  Sheria hiyo inampa Waziri uwezo, baada ya kushauriana na Makumbusho ya Taifa, kutangaza katika Gazeti Rasmi jengo la umri wowote kuwa turathi inayolindwa, ikiwa lina thamani ya kihistoria, kitamaduni au ya ujenzi. Sidhani kwamba kuna atakayesimama na kudai kwamba kikanisa cha mateka wa vita kilichojengwa kwenye barabara waliyoichonga wenyewe hakina thamani hiyo. Tangazo lake litaje mipaka kwa vipimo: si kuta nne tu, bali pia uwanja wake, miti inayokitia kivuli na mahali pa kuegesha gari kwa usalama. Wenzangu wa KeNHA wataelewa kwamba jengo lililolindwa bila uwanja, huku ukingo wa lami ukipita kizingitini, limepona kwenye karatasi tu.

Yapo pia maji, na ninayataja kwa uchungu. Ardhi ya eneo hili ni majivu ya volkano. Imeshikana wakati wa kiangazi na huyeyuka kama sukari mvua ikizidi. Mwezi wa Machi 2018 ilipasuka ufa mkubwa karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara ya Narok. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yaliyokuwa yamezuiliwa nyuma ya tuta la reli kule Old Kijabe yalifumuka na kuteremka juu ya nyumba za watu waliolala, na makumi walikufa. Hakuna jengo linalolingana na maisha ya hata mmoja wao. Ninalitaja kwa sababu chanzo ni kilekile: njia ya maji iliyozibwa na kusahauliwa mlimani huleta msiba bondeni. Barabara pana zaidi itamwaga maji mengi zaidi. Makalavati yatakayojengwa juu ya kikanisa yaamue maji hayo yanakwenda wapi, na yasielekezwe kwenye msingi wa kikanisa wala kwenye mashamba na nyumba zilizo chini yake.

Kwa Wahashamu Maaskofu nina neno la mwana kwa baba zake. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 1216, inaagiza kwamba katika kujenga na kukarabati makanisa ushauri wa wataalamu utafutwe na misingi ya liturujia na ya sanaa takatifu ifuatwe. Mara nyingi sisi waamini tunafanya kinyume, kwa mapenzi mema: tunachanga, tunanunua vigae vinavyong'aa, tunabandika plastiki darini, tunabadilisha dirisha la zamani kwa la alumini, kisha tunamwalika padre kubariki. Parokia ikiwa na kanisa la watu elfu moja, mambo hayo yanaweza kuvumiliwa. Kikanisa kidogo kama hiki kigae kimoja kisichofaa kinakibadilisha sura yote. Tunaomba utoke mwongozo ulioandikwa, ubandikwe penye sakristia na ujulikane na baraza la walei, kwamba hakuna kitakachoongezwa wala kuondolewa bila ya kibali chenu na cha fundi aliyehitimu.

Mnaweza kudhani kwamba ninaomba jambo lisilowezekana kwa jengo dogo namna hii. Huko Orkney, visiwa vya kaskazini mwa Uskoti, kuna kikanisa kingine cha mateka wa Kiitaliano wa vita hivyohivyo. Wao walikuwa wametekwa Afrika Kaskazini na kupelekwa kujenga maboma ya baharini, na katika kisiwa kitupu cha Lamb Holm waliunganisha mabanda mawili ya mabati, na mchoraji aitwaye Domenico Chiocchetti akayageuza kuwa kanisa la kupendeza kwa saruji, rangi na vyuma chakavu. Vita vilipokwisha, wenyeji ambao si Wakatoliki na waliokuwa na haki yote ya kuwachukia Waitaliano waliunda kamati ya kukihifadhi, na mwaka 1960 Chiocchetti alirudishwa kukarabati michoro yake kwa mikono yake mwenyewe. Leo linalindwa kwa daraja la juu kabisa la sheria ya Uskoti. Kile ni cha mabati. Chetu ni cha mawe, na kina waamini wake.

Nao waamini hao si watalii peke yao. Nimewaona madereva wa masafa wakiegesha magari asubuhi kabla jua halijapanda, utingo akibaki kuweka jiwe chini ya tairi huku dereva akiingia na kofia mkononi. Hawakai. Wanapiga ishara ya msalaba, wanasema Baba Yetu moja, wanatoka. Miongoni mwao wamo Waprotestanti, na nimeshamkuta Mwislamu mmoja kutoka Mombasa akiwa amekaa kwenye ngazi akimsubiri mwenzake, akaniambia kwamba mahali pa dua ni mahali pa dua. Wakati wa kupima upana mpya wa barabara, ninaomba watu hawa wahesabiwe kuwa ni watumiaji wa barabara, na nafasi ya kuegesha magari yao iwemo katika michoro kama vituo vya kupimia mizigo vinavyowekwa.

Ninaomba basi mambo machache yafanyike kabla ya mvua za masika zijazo: kikanisa kipimwe na kuchorwa jiwe kwa jiwe, picha na michoro hiyo iwekwe katika hifadhi ya Makumbusho na nakala ibaki parokiani, tangazo la Gazeti Rasmi litolewe, na mkutano wa hadhara uitishwe palepale uwanjani, mkandarasi, wahandisi, padre, wazee wa eneo na madereva wakiwapo, ramani ikitandazwa mbele ya macho ya wote. Gharama ya upimaji ni ndogo mno ukiilinganisha na mita moja ya lami.

Mimi nimestaafu, lakini timazi yangu na pima maji ningali nayo, na magoti yangu bado yanapanda ngazi. Siku mtakayoipanga nitakuwa pale saa moja asubuhi, nikiwa nimeshika ncha ya pili ya futi kamba.

Wenu katika Kristo,

Fundi mwashi mstaafu, mwamini wa Bonde la Ufa